Viazi vya Mama na Mchanga wa Malindi

Kosa langu la kwanza katika safari ile nililifanya kabla gari halijawashwa. Nilimwaga viazi vya mama. Nilivimwaga nyuma ya magunia ya mahindi, ndani ya stoo yake pale Kiirua, nikakikunja kikapu kilichovibeba nikakisukuma chini ya kiti cha gari, kisha nikaenda kunywa naye chai.

Nitaeleza nilivyofika hapo, ingawa kila nikieleza najiona kama natafuta nafuu.

Mimi ni mtu wa kujifundisha. Sikuenda chuo. Kazi ya kuhariri video ninayoifanya Embu mjini nimejifunza kwa simu, kwa kutazama wengine na kurudia mpaka macho yaume. Hata Kiswahili hiki ninachoandikia nimekiokota vitabuni, maana nyumbani tulisema Kimeru. Mtu aliyejifundisha huishi na hofu kwamba siku moja atasimama mwenzake na kusema: huyu hajui. Kwa hiyo mimi hukagua. Nikifunga mlango narudi kuusukuma. Nikituma ujumbe nausoma tena baada ya kuutuma, wakati ambapo kuusoma hakusaidii kitu. Nilipopata kazi moja nzuri nikaamua kumpeleka mama likizo ya Agosti mahali ambapo hajawahi kufika, niliipanga safari hiyo kama mtu anayejiandaa kwa mtihani. Tungeshuka Embu, tupitie Kiritiri mpaka tuipate barabara ya Garissa, tukate nyika ya Tana River hadi Malindi, tuone magofu ya Gede na Mji wa Kale wa Mombasa, turudi kupitia Voi. Nilijua tutakula wapi. Nilijua kivuli cha kuegeshea gari kiko upande gani wa barabara.

Tulikuwa watatu: mama, mimi, na mjomba, kaka mkubwa wa mama, mwenye gari. Mjomba amebeba mboga kutoka Timau maisha yake yote, na gari lake linanuka kabichi hata likitoka kuoshwa. Alianza kuniita Bwana Ratiba siku niliyomtumia mpango wa safari kwenye simu.

"Bwana Ratiba," alinipigia kuuliza, "naona umetuandikia tujisaidie Mwingi. Na kama haja imetushika Kangonde, tufanyeje?"

Mama hakuwa na neno juu ya mpango. Aliomba kitu kimoja tu, tupite kwa mwalimu.

Mwalimu huyo ni mwanamke wa Malindi aliyekuwa akifundisha shule ya msingi ya karibu nasi wakati nilipozaliwa. Siku hizo baba alikuwa amelazwa hospitali Meru, mvua ilikuwa imegoma, na mama alikuwa peke yake na mtoto mchanga na jiko lisilo na kitu. Mwalimu alikuwa amepanga chumba kwa jirani. Akaja na kikapu cha ukili alicholetewa kutoka kwao, kimejaa mchele na kunde na nazi. Akapika mwenyewe, akamlisha mama, akaacha kikapu pamoja na vilivyobaki. Kabla viazi havijakomaa shambani akahamishwa, na siku hizo simu hatukuwa nayo. Mama akabaki na kikapu cha watu.

Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Jirani akikuletea uji kwa kibuyu, kibuyu kinarudi na kitu, hata kama ni limau moja. Ukikirudisha kikavu, umemwambia bila kufungua mdomo kwamba kati yenu yamekwisha. Mama alikitundika kikapu kile kwenye msumari, mbali na moshi, akakifunika kwa kitambaa, na hapo kilikaa umri wangu wote. Hakuna aliyeruhusiwa kukitumia, hata siku za mavuno. Mwaka mmoja kabla ya safari yetu, mtu aliyesomeshwa na mwalimu yule alimpatia mama namba yake. Wakaongea, wakalia. Tangu siku hiyo mama akawa na shughuli moja: kukirudisha kikapu kimejaa viazi vya shamba lake, kwa mikono yake. Alitenga matuta kwa ajili hiyo. Alivichimba siku moja kabla ya kuondoka, akavichagua kimoja kimoja, akavipanga bila kuviosha, maana kiazi chenye udongo wake husafiri vizuri kuliko kilichooshwa.

Haya yote nilikuwa nayajua. Ndiyo sababu siwezi kusema sikujua.

Asubuhi ya kuondoka kulikuwa na baridi ile ya kwetu inayouma masikio. Nilipanga buti peke yangu, kwa sababu sikumwamini mtu mwingine. Mabegi yaliingia. Kamera na miguu yake iliingia. Sanduku la maji baridi likaingia kwa kubanwa. Kikapu hakikuingia. Nilipokilaza, viazi vilibingirika na udongo mweusi ukamwagikia begi langu jipya. Nikakitoa, nikajaribu tena, jasho likinitoka katikati ya baridi. Jikoni mjomba alikuwa akipaza sauti kwamba chai inapoa. Ndipo wazo likanijia: Malindi kuna soko. Utanunua viazi hukohuko, utajaza kikapu, hakuna atakayepungukiwa.

Na kuna jambo lingine ambalo asubuhi ile sikujiambia, ila lilikuwapo. Nilikuwa nimetuona akilini tukishuka kwenye nyumba ya wageni Malindi, mimi na begi langu jipya, na mama nyuma yangu na kikapu cha viazi vyenye udongo. Sikuipenda picha hiyo. Ilinitia aibu.

Nikamwaga.

Nilikusudia kumwambia tukifika Embu. Tulipofika Embu ikabidi tupite chumbani kwangu, kwa sababu nilikuwa nimesahau chaja ya kamera.

"Bwana Ratiba amesahau!" Mjomba alipiga usukani kwa furaha. "Mungu yupo!"

Mama alicheka mpaka akafuta macho kwa leso. Kisha akanitetea. "Mwache bwana. Cha maana amekibeba."

Nikaenda kuchukua chaja. Niliporudi niliwahimiza tuondoke.

Baada ya Mwingi nchi ilijilaza. Miti ikafupika, ikawa miiba, halafu ikawa vichaka vya rangi ya vumbi. Ngamia wakatutazama kutoka juu kama watu wanaotujua. Mama alikuwa hajawahi kuona nchi isiyo na mlima. Alipeleka macho kulia, akapeleka kushoto, akauliza kwa huruma ya kweli, "Sasa hawa watu wakiamka asubuhi, huangalia wapi?"

Ningefurahia maneno hayo kama ningekuwa na nafasi moyoni. Nilikuwa nahesabu miji iliyobaki kabla ya Malindi.

Kwenye kizuizi karibu na daraja la Tana, polisi akaomba vitambulisho, kisha akataka buti lifunguliwe. Nilishuka haraka. Mama akatoa kichwa dirishani.

"Afande, fungua pole pole! Huko ndani kuko na waru ya mwalimu!"

Polisi alitazama ndani ya buti, akanitazama mimi. "Waru iko wapi?"

"Iko chini," nikasema.

"Na mbona unatetemeka, kijana? Hizo ni waru ama ni kitu ingine?"

"Ni joto, afande."

Akafunga buti, akatupungia mkono twende. Nilikuwa nimesema uongo kwa polisi juu ya viazi, na viazi vyenyewe havikuwepo.

Tulilala Garissa. Kesho yake tulipotoka kuelekea Hola, mama akaanza kuvionea viazi huruma. Alisema vitapikwa humo ndani na jua lile, tusimame avipe hewa kidogo.

"Nimevifunika na kitambaa chenye maji, mama," nikamwambia. Kitambaa hicho hakikuwepo popote duniani.

Akamgeukia mjomba. "Umesikia? Huyu mtoto hafanyi kitu nusu."

Maisha yangu yote nimesubiri mtu aniambie hivyo. Nikaambiwa, kwa kitu ambacho sikukifanya. Kuanzia pale mpaka Garsen nilijifanya nimelala.

Malindi tuliingia alasiri. Mama alikwenda moja kwa moja baharini, akavua viatu, akachovya kidole akakilamba. "Aliyetia chumvi hii," alimwambia mjomba, "hakuonja." Niliwaacha wakitembea pale ufukweni, nikasema nakwenda kununua maji, nikakimbilia sokoni.

Viazi vilikuwepo, vimepangwa mafungu mafungu. Nilimwuliza mwanamke mwenye meza kama ni vizuri.

"Hivi ni vya Meru, wallahi," akaniapia. "Vya mlimani hivi. Vimeshuka jana."

Nikacheka kicheko kibaya, akanitazama kama mgonjwa. Tatizo ni kwamba vilikuwa vimeoshwa, vinang'aa, na vya mama vilikuwa na udongo. Mtu mwingine angeliona hilo na kukata tamaa, na kukata tamaa kungemwokoa. Mimi nilivipeleka nyuma ya nyumba ya wageni, penye bomba la kumwagilia maua, nikavilowesha na kuvisugua kwa udongo wa bustani, kimoja baada ya kingine. Nilivigeuza nipake kote. Nilihakikisha macho ya kiazi yameshika udongo zaidi kuliko ngozi, kama inavyokuwa kweli. Nilipomaliza nikasogea nyuma kidogo kuitazama kazi yangu, na nikaona fahari. Ni hiyo fahari inayonirudia mpaka leo ninapopiga mswaki, nikashindwa kujitazama kwenye kioo.

Niliona kwamba udongo wa pale ni mchanga. Niliona kwamba si mweusi. Nikajiambia ni vumbi la njiani, nikakitoa kikapu chini ya kiti cha gari, nikakijaza na kukifunika.

Asubuhi iliyofuata tulikwenda kwa mwalimu, nje kidogo ya mji, nyumba ya makuti yenye ua uliofagiwa. Sasa ni mwanamke mnene mwenye miwani, na alitusubiri barabarani. Alimkumbatia mama mpaka leso ikamwanguka, akamsalimu "Muga!" kwa Kimeru alichokihifadhi miaka yote hiyo, kisha akanishika mashavu.

"Ndiye yule? Huyu alikuwa akilia, shoga, kama mbuzi aliyeachwa na kundi! Leo ana ndevu!"

"Bado analia," mjomba akamwambia. "Siku hizi analilia ratiba."

Tulikula wali wa nazi na samaki wa kupaka. Nilikuwa nimeogopa Kiswahili cha mama, kile cha soko la Kiirua, mbele ya watu wa pwani. Hakuna aliyekijali. Walipokezana maneno kama watu wanaomalizia mazungumzo ya jana. Vyombo vilipoondolewa mama akajifunga leso upya kiunoni, akaniambia, "Niletee mzigo wangu."

Nikauleta. Aliupokea kwa mikono miwili, akauweka mbele ya mwalimu.

"Mwalimu, kikapu yako. Nimekaa nayo sana. Unisamehe."

Mwalimu aliziba mdomo kwa kiganja. "Allah! Bado kipo? Nami nilidhani panya walikimaliza kitambo!"

"Panya? Kwangu?" Mama alikuwa amekasirika na kufurahi kwa pamoja.

Kwa desturi yetu anayeleta hutoa cha kwanza mwenyewe akakitia mkononi mwa mwenye chombo. Mama akafunua kitambaa, akachukua kiazi. Kidole gumba chake kilipita juu yake, kama kinavyopita juu ya kila kiazi anachokigusa, kukikwangua udongo kidogo. Udongo haukupakaa. Ulidondoka chembe chembe kwenye mkeka. Akakinusa. Akachukua cha pili, nacho akakifanyia vivyo hivyo, taratibu, huku mwalimu akiwa ametega mikono kupokea.

Mama aliniuliza kwa Kimeru, kwa sauti ya chini. "Viazi vyangu viko wapi?"

"Ni hivyo, mama."

Hata pale. Hata na mchanga juu ya mkeka.

"Kiirua kulianza kuwa na mchanga lini?" mjomba akauliza, naye kwa Kimeru, na mara hii hakuwa akitania.

Mwalimu alikuwa akitutazama mmoja mmoja. Kuku alipita mlangoni, akasimama, akaondoka.

"Viko stoo," nikasema. "Nyuma ya mahindi. Buti lilikuwa limejaa."

Mama angeweza kunifunika. Angeweza kumwambia mwalimu kwamba viazi vimeharibiwa na joto la Garissa, na nadhani nilikuwa nikimwomba afanye hivyo kwa macho. Alimgeukia mwalimu akarudi kwenye Kiswahili.

"Mwalimu, hii kikapu haina kitu."

"Haina kitu vipi, shoga? Si hiyo imejaa pomoni!"

"Imejaa waru ya soko. Yangu imebaki nyumbani. Kijana aliimwaga."

Mwalimu alijaribu kutuokoa. Alisema viazi ni viazi, na kwamba jino lake halitauliza vimechimbwa wapi.

"Jino haitauliza," mama akamjibu. "Lakini mimi nitajiuliza."

Akaomba beseni. Akavimwaga humo viazi vya soko, akasema hivyo ni vya kusalimia tu, vipikwe leo. Akakipeleka kikapu uani, akakikung'uta mchanga wote, akakikunja, akakitia kwapani. Mwalimu akaelewa. Lakini alikuwa amekwisha kukimbilia ndani na kurudi na nazi, akitaka kuzitia ndani ya kikapu.

"Usiweke!" Mama akarudi nyuma. "Ukiweka hapo deni zitakuwa mbili, na moja bado imenishinda!"

Mwalimu alicheka mpaka akaketi kizingitini. "Nyinyi watu wa mlima na ukaidi wenu! Haya, nitazitia garini. Gari si kikapu."

Mama alifikiri. "Gari ni ya kaka yangu. Hiyo mimi sijaona."

Nao wote watatu wakacheka, na mimi nikasimama pembeni kama mtu asiyejua lugha.

Baada ya hapo safari ilikwenda sawasawa na mpango. Gede tulifika kwa wakati. Tulitembea kati ya kuta za mji ule uliohamwa zamani, mizizi ikiwa imekumbatia mawe, na mama akachungulia visima vilivyokauka. Kwenye kisima kimoja, mjomba akiwa ametangulia, mama aliniambia bila kunitazama.

"Kumwaga ningekusamehe siku hiyo hiyo. Ungeniambia Embu, tungerudi. Mjomba wako angelalamika na angerudi. Lakini ulivisugua. Ulikaa chini ukavisugua."

Nilisema pole, mama. Neno lilikuwa dogo kama chembe ya ule mchanga. Nikataka kueleza kuhusu begi na buti, na jinsi nilivyotaka safari yake isiwe na dosari. Akanyanyua mkono nikanyamaza.

"Ulinionea haya?" akauliza.

Nikasema ndiyo. Ni jambo la kweli la kwanza nililomwambia bila kisingizio tangu Kiirua. Hakulia, wala hakunigombeza. Aliendelea kukitazama kisima. Baadaye akasema, "Basi sasa nimejua," akamfuata kaka yake.

Mombasa nilipiga picha nzuri sana. Milango ya kuchongwa, vichochoro vyenye kivuli, wazee wakinywa kahawa chungu, mwanga ukiwa pale nilipotaka uwe. Katika kila picha mama ana kikapu kilichokunjwa kwapani. Mjomba alimwambia mara mbili tatu akiache garini. Hakukiacha.

Tuliporudi Kiirua, nilikwenda stoo kabla ya kuvua viatu. Viazi vilikuwa vile vile, nyuma ya mahindi, na udongo wao. Nilidhani vitapikwa. Mama akasema hivyo havitaliwa. Akavitandaza kwenye chaga mpaka vikachipua, na mvua za Oktoba zilipokuja akavipanda kwenye matuta yale yale. Nilikuwa nikija kutoka Embu kila nilipopata nafasi, kupalilia. Mwanzoni tulipalilia kila mmoja kwenye tuta lake. Siku moja aliniambia nimekata mche badala ya gugu, na kwamba ni vizuri kuona kumbe nami hukosea bila kujificha. Sikujua kama ananitania. Nilicheka kwa tahadhari.

Vilipokomaa alinifanya nichimbe mwenyewe. Alivichagua yeye. Kikapu kilipojaa akakifunga kwa kitambaa chake, akakiweka mbele yangu.

"Wewe ndiye uliyemwaga," alisema. "Peleka."

Nilisafiri na basi, kikapu mapajani, kwa sababu sikutaka kukitia chini kwenye mizigo. Suruali yangu ilishika udongo na abiria wa pembeni akasogea. Nilimwacha asogee.

Mwalimu alikipokea kwa mikono miwili. Nilimpa kiazi cha kwanza mkononi, kama mama angefanya, akapitisha kidole gumba juu yake na kidole kikatoka cheusi. Akampigia mama simu palepale.

"Shoga! Kimefika! Kimefika na shamba zima!"

Nilimsikia mama akicheka upande wa pili, kicheko kirefu, na nikajua ni kicheko alichokuwa amekihifadhi pamoja na kikapu. Mwalimu akavimwaga viazi kwenye beseni, akafagia udongo uliobaki sakafuni, akautia kwenye kopo la mrehani mlangoni. Kikapu akakitundika.

Bado mimi hukagua mlango. Bado nasoma ujumbe baada ya kuutuma. Lakini siku hizi sigusi mzigo wa mtu bila kumwuliza, na nikikosea nasema siku hiyo hiyo.